Tizi la aikido la mchanganyiko: mkongwe na aliyeanza jana kwenye turubai moja

Hapa Mtwara darasa la watu wa kiwango kimoja halipo, tusidanganyane. Ikifika mwezi wa kumi korosho zinaanguka na nusu ya watu wanapotea, huyu kaenda Tandahimba kumsaidia mama yake kuokota, yule yupo Newala anasubiri mnada, wanakuja kurudi Januari mwili umekuwa kama gogo na walichojua wameshasahau, na katikati hapo vijana wawili wa chuo wameingia, kuna mzee mstaafu wa bandarini goti lake bovu, kuna dada mkanda mweusi alijifunzia Dar akahamishiwa huku kikazi. Jumanne saa kumi na moja jioni una watu kumi na mbili na viwango kumi na mbili.

Zamani nilikuwa nagawa makundi, wakongwe kule, wapya huku. Ikawa wakongwe wanajua kuchezeana wao kwa wao tu, kila mtu anajua mwenzake ataangukia wapi, afu wapya wanajifunza kuanguka vibaya kutoka kwa wapya wenzao. Siku hizi wote tunafanya mbinu moja, siku nzima, turubai moja. Kinachobadilika ni vitu vitatu tu: mtu anashambuliwaje, spidi gani, na mbinu inaishia wapi. Ntaelezea moja moja, ila kwanza maneno mawili kwa ambao aikido wanaisikia juujuu.

Aikido ni sanaa ya kujihami ya Kijapani, mtu anakushika au anakupiga na wewe unamtoa kwenye mizani na kumwangusha. Aliyeianzisha ni Mjapani anaitwa Morihei Ueshiba, kazaliwa 1883 kafa 1969, jina lenyewe la aikido limeanza kutumika rasmi 1942. Shule nyingi za aikido hazina mashindano. Alikuwepo mwanafunzi wake mmoja, Kenji Tomiki, aliyeweka mashindano kwenye tawi lake, ila sisi wengine hatuna. Hii ndo inatusaidia, maana kwenye judo unagawa watu kwa uzito ili mechi iwe ya haki, huku hakuna mechi, kwa hiyo wa kilo 50 na wa kilo 95 wanashikana na hakuna anayelalamika kaonewa na refa.

Na jambo jingine tulimalize mapema. Yule anayeshambulia na kuangushwa Wajapani wanamwita uke. Sasa nenda kasimame mbele ya vijana wa Chikongola na akina mama wa Magomeni useme "uke ashike mkono kwa nguvu", uone kama kuna mtu ataendelea na mazoezi. Nilijaribu siku moja, ile siku ilikuwa ni kicheko mpaka magharibi. Sisi tunamwita mpokeaji, kwa sababu ndo anayeipokea mbinu, na anayefanya mbinu tunamwita tori kama walivyomwita wenyewe. Mpokeaji ndo mtu wa maana zaidi kwenye mwongozo huu.

HATUA YA 1: Tengeneza pa kuangukia

Mati za judo ni ghali na huku kuzipata ni shughuli. Sisi tumetumia maranda. Unaenda kwa mafundi seremala unaomba, wengi wanakupa bure maana kwao ni uchafu, unajaza viroba kama thelathini hivi. Kabla hujamwaga lazima uyachambue misumari. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kijiti, ipitishe kwenye maranda taratibu huku mwenzako anayapindua na reki. Sisi mara ya kwanza tulitoa misumari kumi na kitu na kipande cha msumeno, na fundi alikuwa ameapa hamna kitu humo.

Zungushia mbao pembeni au matairi mabovu, mwaga maranda unene wa shubiri moja, yakanyageni wote mkiwa pekupeku mpaka yashindiliwe, afu tandika turubai juu na ulivute kwa kamba pande zote nne likaze kama ngoma. Likilegea linafanya mikunjo na mkunjo unashika kidole cha mguu wakati mwili unageuka, hapo ndo vidole vinateguka. Mikeka usitumie juu ya sakafu, inateleza.

Kuna watu wanapenda ufukweni, pale Shangani maji yakitoka mchanga unakuwa mzuri kweli. Kwa kujifunza kubingirika ni pazuri. Kwa mbinu za kugeuka hapana, mguu unazama mchangani unakaa, mwili unazunguka, anayelipa ni goti.

Pima nafasi, kila jozi iwe na hatua nne kila upande, na sheria ya kwanza kabisa ambayo hata mtoto aijue: unamrusha mwenzako kuelekea nje, palipo wazi, kamwe sio kuelekea katikati kwa watu. Unaangalia kwanza, ndo unarusha.

HATUA YA 2: Waulize watu kabla hamjaanza

Nasimama pale watu wanapovua viatu, namuuliza kila mmoja kitu kimoja tu, "leo wapi panauma?" Sio "uko fiti?", maana ukiuliza hivyo kila mtu yuko fiti. Mwenye bega bovu nampa kitambaa chekundu anafunga upande huo, mwenye goti anafunga gotini. Mkibadilishana wenza huna haja ya kuhojiana upya, unaona kitambaa unajua upande huu tunaenda pole. Vitambaa vyetu ni vipande vya kanga chakavu, gharama sifuri.

Pete, saa, hereni, cheni, vyote vinatoka. Kucha zikatwe. Akina dada wenye ushungi wasitumie pini, wavae ule wa kuvuta unaobana wenyewe, pini ikiingia kiganjani mwa mtu utaisikia.

Halafu kuna la nani anashikana na nani. Wapo wadada hawataki kushikwa na mwanaume asiye maharimu wao, na wapo wanaume vilevile. Hili unaliuliza pembeni kimyakimya, unawapanga kwa jozi zao, na unaendelea na kazi bila hotuba. Vivyo hivyo kuinama. Aikido inaanza na kumalizika kwa kuinama, na sehemu nyingi wanaweka picha ya Ueshiba ukutani wanainamia huko. Huku kwetu kuna watu hilo linawakaa vibaya, wanaona kama sijda. Sisi picha hatuna, tunasalimiana uso kwa uso, anayetaka kuinama anainama, anayetaka kutikisa kichwa au kuweka mkono kifuani sawa tu. Nilishaona mtu mzuri kabisa akaacha kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ile ni salamu.

HATUA YA 3: Fundisha kugonga kabla ya kitu chochote

Hii niliipata kwa gharama ya mtu mwingine. Alikuja dada mmoja fundi cherehani, siku yake ya pili, mi nikampa nikyo, ile ya kukunja kifundo cha mkono, nikampa kama ninavyowapa wakongwe wenzangu. Akanyamaza. Nikaongeza kidogo. Akanyamaza, macho yanalengwa machozi, nikadhani sijafika. Kumbe anavumilia. Wiki mbili hakushika mkasi. Nilipokwenda kumuomba radhi akanijibu, "Kaka, mi nilijua ndo mazoezi yenyewe."

Sisi tumelelewa hivyo, mtoto anaambiwa jikaze, mwali anaambiwa vumilia, mgonjwa anaulizwa hali anasema nzuri. Kwenye turubai hiyo tabia inavunja watu. Kwa hiyo mgeni dakika zake tano za mwanzo ni hizi: namshika mkono, nakunja polepole sana, na yeye agonge mara mbili, kwenye turubai, kwenye paja lake au mwilini kwangu, popote panaposikika, au aseme "basi". Akigonga naachia hapohapo. Tunarudia mara kumi mpaka mkono wake ugonge wenyewe bila kufikiria. Namwambia agonge mapema, agonge hata kabla haijauma, agonge akiogopa tu. Na kwa mkongwe, ukiguswa mara mbili unaachia, huulizi "imefika?"

Tuna kijana mmoja hasikii, kiziwi, na kwake hii ndo rahisi kuliko wote maana alishazoea lugha ya mikono. Yeye ndo alitufundisha tuongeze ishara ya kukanyaga turubai mara mbili kumwita mtu, mtikisiko unaupata kwenye nyayo.

HATUA YA 4: Kuanguka, na hapa usifanye haraka

Dakika ishirini kati ya saa moja na nusu zinaenda hapa. Wapo wanaoona nyingi. Sheria yetu ni kwamba mtu harushwi zaidi ya anavyojua kuanguka, kwa hiyo usipomfundisha kuanguka utakaa naye miezi sita unamshikashika tu kama yai.

Wote mstari mmoja, kila mtu anafanya ngazi yake, kwa wakati mmoja. Ngazi ya kwanza unachuchumaa, kidevu kifuani kama umebana limao, unakaa chini karibu na kisigino chako na kujiviringisha kwa nyuma mgongo ukiwa wa duara kama mtumbwi, unarudi. Mikono inapiga turubai pembeni, karibu na mwili, viganja chini. Usiitupe nyuma kujizuia, kiwiko kinakupasukia. Wageni wote kichwa kinataka kwenda nyuma, nawawekea kitambaa chini ya kidevu, kikidondoka wanarudia.

Ngazi ya pili ni hiyohiyo ukianzia wima, mguu wa nyuma unajikunja, unashuka juu yake. Ngazi ya tatu ndo kubingirika mbele: unapiga hatua, unaweka ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo, vidole vinakutazama wewe, mkono umepinda kama tairi, unapita kwenye mkono, bega, mgongo kwa mshazari mpaka nyonga ya upande wa pili. Kichwa hakigusi kitu. Ukisikia "du!" basi kuna kona mahali, tafuta kona iko wapi, mara nyingi ni kiwiko kimelegea. Ngazi ya nne unabingirika juu ya mwenzako aliyepiga magoti na mikono. Ya tano ni ile ya kuruka hewani na kupiga chini kwa kishindo, hiyo ni ya wachache na sio lazima, mi nina miaka mingi na naifanya nikilazimika tu.

Mzee wetu wa goti habingiriki. Yeye akivurugwa mizani anagonga na kusimama, mbinu inaishia hapo. Na usidhani anapoteza, yeye ndo anajua kuliko sisi wote ni sekunde gani hasa mizani imetoka. Akimshika kijana aliyekakamaa anamwambia kwa lafudhi yetu ya huku, "Usikaze nkono mwanangu, mi sikuibii."

Mtu akijigonga kichwa amemaliza kwa siku hiyo, hata akisema poa. Anakaa na mtu wa kumwangalia. Akitapika, akisinzia, akiongea vitu havieleweki, mnatafuta bajaji mnampeleka hospitali ya Ligula, hakuna kusubiri.

HATUA YA 5: Mbinu ya siku, moja tu

Chagua mbinu ambayo mgeni anaweza kuianza na mkongwe hajaimaliza. Mi nachagua ikkyo mara nyingi, jina lenyewe maana yake ni fundisho la kwanza. Shihonage naiacha kama kuna wageni wengi, kwa sababu mtu anaenda chini kwa nyuma mkono wake umekunjwa begani, hana cha kupigia turubai, na kinachotangulia ni kisogo.

Tunaanza na kupasha: mwenzako anakushika mkono, wewe unaingia kidogo kwa mguu wa mbele, unageuka nusu duara mpaka mnatazama upande mmoja bega kwa bega, viganja juu kama mtu anapokea embe. Kila mtu mara nne nne. Nikiwaangalia hapo tayari najua nani kakaza mabega leo.

Sasa ikkyo yenyewe, kwa kushikwa mkono mtambuko. Wote mmetanguliza mguu wa kulia. Mpokeaji kwa mkono wake wa kulia anakushika kifundo cha mkono wako wa kulia, kama mtu alitaka kukupa mkono akapitiliza. Usivute. Fungua vidole, dondosha bega, uinue mkono wako kwa mduara mdogo mbele ya uso wako mpaka ukingo wa kiganja ukae juu ya kifundo chake. Mkono wa kushoto unaingia chini ya kiwiko chake. Hapo ndo watu wanapokosea, wote, mpaka mimi nikichoka: wanakikandamiza kiwiko chini. Kiwiko kinaenda kwenye sikio lake kwanza. Kikienda sikioni bega linapanda, kisigino kinanyanyuka, mtu hana mguu tena. Ndipo unaingia kwa mguu wa kushoto kuelekea mbele ya kwapa lake na mikono yako miwili inashuka pamoja mpaka usawa wa nyonga yako, sio kwa kusukuma, ni kama unashusha ndoo ya maji kutoka kichwani bila kumwaga.

Akishainama unapiga hatua nyingine, anaenda chini kifudifudi. Unapiga magoti, goti la ndani kwapani kwake, la nje karibu na kifundo chake, mkono wake umenyooka umepita kidogo pembe mraba kuelekea kichwani. Hapo hata usipobonyeza hanyanyuki.

Hiyo ni ya kuingia mbele. Ya nyuma mwanzo ni uleule, ila mguu wa kushoto unaenda pembeni yake na wewe unazunguka kurudi nyuma ukimchukua kwenye duara. Kila mtu mara nne: kulia mbele, kushoto mbele, kulia nyuma, kushoto nyuma, mnabadilishana.

HATUA YA 6: Zungusha vitasa vitatu

Ndo vile vitu vitatu nilivyosema juu.

Shambulio. Mgeni anashikwa akiwa amesimama, mshiko wa kawaida kama unamvusha mtoto barabarani pale kituo cha mabasi, haumponyoki na haumuumizi. Wa kati, mwenzake anakuja anatembea na yeye anaanza kabla mshiko haujatulia. Mkongwe anapigwa shomen uchi, ule mkono unaoshuka toka juu kwenye paji kama panga, na akizoea sana mpokeaji hamwambii anakuja na lipi. Mbinu ni ikkyo ileile.

Spidi. Spidi inapangwa na mpokeaji, kwa anavyojua kuanguka. Tori hata awe na mkanda mweusi uliopauka, akiwa na mpokeaji wa wiki ya pili anaenda spidi ya wiki ya pili. Hili halina mjadala kwetu. Kijana mmoja wa bodaboda, mwepesi kama paka, nilimsimamisha mazoezi mwezi kwa hili, akarudi ameelewa, sasa ndo namwaminia wageni.

Mwisho. Mgeni anaishia mwenzake anapoinama, basi, anamrudisha wima. Wa kati anamfikisha goti moja chini. Mkongwe anamaliza mpaka kumlaza, au mpokeaji anamkatalia njiani kwa kukunja kiwiko na yeye anahamia nikyo bila kusimama.

Kwa hiyo jozi ya mgeni na mkongwe wanaweza kukaa dakika kumi na kila mmoja ana kazi yake. Na mkongwe akilalamika anaboreka, nampa adhabu tamu: fanya ikkyo bila kufumba vidole, viganja wazi mwanzo mwisho. Ikimshinda bila kushika basi alikuwa anatumia misuli miaka yote. Nimeona watu wa mikanda ya juu wakitoka jasho kwa hilo mbele ya mtoto wa form two.

HATUA YA 7: Nani na nani, na nani anyamaze

Badilisha wenza kila dakika tano au sita. Ukiwaachia wachaguane wenyewe, wakongwe wataenda kwa wakongwe na wanachuo watashikana wao kwa wao. Mi napanga mistari miwili inatazamana, nikipiga makofi mstari mmoja unasogea nafasi moja kulia. Mkiwa idadi isiyogawanyika fanya watatu watatu, mmoja anapumzika na kuangalia, tena kuangalia kunamfundisha mgeni sana.

Kwa desturi mkubwa ndo anaanza kuwa tori, mdogo anapokea. Kwa mgeni kabisa sisi tunafuata hivyo ila kwa mwendo wa kinyonga na bila kuangusha, ili mwili wake uonje njia kabla kichwa hakijaanza kuhesabu miguu.

Mkongwe akiwa mpokeaji wa mgeni ana makosa mawili ya kuepuka. La kwanza kumwangukia bure, mgeni hajafanya kitu na wewe uko chini, unamdanganya, siku moja ataamini ana uchawi. La pili kumkazia. Kila mtu akijua unachotaka kufanya anaweza kukukatalia, hiyo sio ufundi ni ubishi. Njia ya katikati ni kumfuata pale anapokwenda sawa, na akikosea unabaki ulipo bila kulazimisha, unagusa mahali palipokosewa, kiwiko, bega, unasubiri.

Na kunyamaza. Jamani wakongwe tuna kidomodomo! Mgeni kashika mkono mara moja tayari kapewa somo la falsafa, nishati, duara la ulimwengu, na jasho limekauka. Tumewekeana sheria, sentensi moja kwa raundi. "Kiwiko kiende sikioni." Imeisha, rudia. Ukiwa na la pili liweke mpaka raundi ijayo, mara nyingi mwili wa mtu utakuwa umeshalirekebisha.

HATUA YA 8: Miili isiyofanana

Usimtoe mtu nje, mbadilishie mahali pa kusimama. Aikido ina mbinu za kukaa toka zamani, wote wawili mmepiga magoti, na ina nyingine ambazo tori kakaa na mshambuliaji kasimama. Kijana wetu mmoja mguu wake ulidhoofika toka utotoni, yeye anafanya ikkyo ameketi kwenye benchi fupi, mwenzake anakuja wima. Ukishikwa ukiwa umekaa huna pa kukimbilia, kiwiko lazima ukipeleke sawasawa, kwa hiyo sasa tunawakalisha na wakongwe wote kwenye benchi lake kwa zamu.

Mjamzito hapokei na haanguki, anaweza kufanya hatua za miguu peke yake au kazi za fimbo taratibu kama daktari wake karuhusu. Wanaorudi toka shambani baada ya miezi mitatu wanaanza na wageni wiki mbili, hata kama wana mkanda. Wanachukia. Wanakubali wakishabingirika mara ya kwanza na kuinuka wanashika bega.

Joto nalo. Desemba hadi Machi huku hewa ni nzito kama umejifunika blanketi bichi. Maji kila dakika ishirini kwa amri, sio kwa hiari, na dafu baadaye kwa mwenye nalo. Mwezi wa Ramadhani tunahamia usiku baada ya tarawehe, nusu saa pungufu, na kuanguka kunapungua.

HATUA YA 9: Kumalizia

Dakika kumi za mwisho tunafanya msururu. Mtu mmoja katikati, wengine foleni, wanakuja mmoja mmoja na anawafanyia ikkyo wote mfululizo. Kila anayekuja analeta shambulio la kiwango cha aliyeko katikati, sio cha kwake. Mzee wa goti akiwa katikati foleni yote inatembea kama harusini. Dada wa mkanda mweusi akiwa katikati watu wanakimbia.

Siku nyingine tunachukua fimbo, jo inavyoitwa, urefu kama sentimita 128, seremala anakuchongea ukimpelekea kipimo. Mbao nyepesi iliyonyooka inatosha. Mmoja wetu akajifanya Mmakonde kamili akachongesha ya mpingo, fimbo nzuri kuliko kinyago, ila nzito hiyo, baada ya robo saa mikono inatetemeka, sasa inakaa nyumbani kwake mlangoni inasubiri wezi.

Mkishasalimiana, wote mnashika turubai. Futeni jasho kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, lianikwe kwenye ukuta mpaka likauke ndo likunjwe, tena msiwaachie wageni peke yao hiyo kazi. Ukilikunja bichi siku moja tu, Alhamisi utalisikia harufu toka getini, na ukungu wake ukishaingia kwenye nyuzi hautoki hata kwa jiki.